Simu ya Asubuhi Kutoka Lampang

Jumatatu, 8 Julai 2567, mwaka wa Kibudha

Mvua tangu alfajiri. Seva ya saraka imeganda saa mbili, kama kila Jumatatu. Simu za matawi zikaanza kuingia hapa Bangkok. Phuket. Khon Kaen. Kisha Lampang!

"Kaka Tao, imeganda tena."

Nyuma yake jogoo anawika. Sisi tunauza chakula cha kuku, na wateja wa Lampang huja na kuku wao, kama watu wanaopeleka mtoto kupima viatu. Nikamwambia avumilie kidogo. Akasema kuvumilia ndiyo kazi yake, hii ya kupakia malori ni ya ziada. Akauliza kama nimekunywa chai. Nilikuwa nimekunywa. Nikasema sijanywa. Akanisikitikia vizuri sana.

Anaitwa Som, yaani chungwa. Sijawahi kumwona. Tangu mwaka jana napokea sauti yake kila asubuhi, na siku za mapumziko natazama simu ya mezani kama mtu aliyefiwa.

Mchana Mama Wan, mkuu wetu wa kompyuta, akaniita. Kampuni imekubali kununua seva mpya. Mimi ndiye nitakayekadiria ukubwa wake na kuipanga ifanye kazi vizuri. Kila mfanyakazi akiwasha kompyuta, lazima saraka imtambue kwanza: jina, neno la siri, idara. Saraka ikichelewa, kampuni nzima inakaa inatazama kioo. Mama Wan amesema anataka ifike asubuhi ambayo simu ya malalamiko haitalia hata mara moja.

Hata mara moja!

Nikasema ndiyo, Mama. Nikarudi mezani. Nikaitazama simu. Nayo ikanitazama.

Jumanne, 9 Julai

Nimefikiri kwa utaratibu.

Kwanza: seva ikiwa na kasi, Som hana sababu ya kunipigia. Pili: seva ikibaki goigoi, nitaondolewa, na Som atapokelewa na mwingine. Huyo mwingine ni Bia, fundi wa mtandao, meza ya jirani. Jina kapewa na baba yake na hajawahi kuionja. Bia hucheka kwenye simu. Watu wanapenda kuchekewa. Mimi hucheka nikishakata.

Tatu: inatakiwa seva yenye kasi kwa kampuni na uzito kidogo kwa Som. Uzito wa simu moja tu kwa siku. Sidhani kama ninaomba makubwa.

Alasiri nikaanza vipimo. Kitabu cha maelekezo kinasema saraka yote ienee kwenye kumbukumbu ya seva. Ni kama muuza duka: bidhaa zote zikiwa kwenye rafu ya karibu, anahudumia bila kuinuka. Rafu ikijaa, kila mteja anampeleka stoo. Seva yetu imeishi stoo kwa miaka.

Kwa hiyo unapima ukubwa wa taarifa za mtu mmoja, unazidisha kwa watu wote, unaongeza nafasi ya kukua. Kitabu kinadhani taarifa za mtu ni mistari michache. Kitabu hakijaona picha zetu. Kila mtu kajipiga kwa simu mpya, uso mzima, na maua. Picha ya Mama Wan pekee, mwenye vazi la hariri mbele ya maporomoko ya maji, ni nzito kuliko idara nzima ya usafirishaji.

Nikapata wazo la kumtafuta Som. Kwa ajili ya vipimo. Nikaandika jina, nikaenda kuchukua chai, nikarudi, bado inatafuta. Hatimaye: Som wa Phuket, Som wa maghala, Som mwanamume wa Udon. Na yeye! Lampang, kupakia na kutuma. Mahali pa picha yake kuna paka wa rangi ya chungwa amelala juu ya gunia la chakula cha vifaranga.

Nimemtazama paka yule mpaka kioo kikajizima chenyewe. Kwenye ukingo wa picha kuna ncha ya kiwiko. Kiwiko cha nani?

Jumatano, 10 Julai

Nimetangaza kwa baruapepe kwamba picha zote zitapunguzwa. Mama Wan akaja mwenyewe. Akauliza kama nina ugomvi na maporomoko ya maji. Nikaeleza habari za rafu na stoo. Akasema stoo anaielewa, asichoelewa ni kwa nini uso wake ndio uliokwenda huko kwanza, umekandamizwa mpaka unafanana na embe. Nimemrudishia maporomoko yake.

Wengine wote nimewapunguza. Isipokuwa paka. Paka yuko vilevile, na kiwiko chake.

Ijumaa, 12 Julai

Nimepata! Nimepata!

Kitabu kinasema vipengele vinavyotafutwa sana viwekewe faharasa. Penye faharasa, seva inaruka moja kwa moja kwenye jina. Pasipo na faharasa, inasoma saraka yote, mtu baada ya mtu, mpaka mwisho. Kitabu kinashauri faharasa kwa jina rasmi, jina la ukoo na baruapepe.

Jina la ukoo! Waandishi wa kitabu hiki wanatoka wapi? Nimekaa meza moja na Bia miaka yote hii, jina lake la ukoo nimeliona juzi kwenye saraka, na sikulimaliza. Hapa kwetu mtu unamjua kwa jina lake la nyumbani: Lek, Nok, Moo, Som. Majina ya kwenye cheti tunayaacha kwenye cheti.

Sasa mpango. Nitafuata kitabu neno kwa neno. Kuingia asubuhi kutakuwa kufumba na kufumbua. Lakini jina la nyumbani sitaliwekea faharasa. Som yuko kwenye kupakia, kutwa anamtafuta Lek wa ghala na Moo wa malori. Atasubiri. Atainua simu. "Kaka Tao."

Na hakuna atakayenilaumu, maana kitabu kiko upande wangu.

Nimemwonyesha Bia sehemu ya kwanza tu. Akasema vizuri, ila akauliza kama nimefikiria watu wetu wanatafutana vipi. Nikamwambia kila mtu ashike kazi yake. Wivu.

Jumatatu, 15 Julai

Som kapiga mapema kuliko Phuket! Imeganda, kasema. Ila leo hakuonekana kukasirika nayo. Akasema mama yake amekaanga khao taen, vile vikeki vikavu vya wali, na ile sukari ya juu imeshika sawasawa mwaka huu. Nikasema nazipenda sana. Akasema hawezi kuzituma, zitafika unga. Chakula kile kinataka mtu akifuate kilipo.

Nikafikiri haraka. Nikamwambia azifunge kwenye mifuko yenye mapovu ya hewa, kama tunavyofunga diski, na azipange wima, si ubapa.

Jogoo akajibu kwa niaba yake.

Kisha akasema, haya Kaka Tao, wima.

Siku nzima nimekuwa mwepesi. Tulizungumza muda mrefu sana.

Jumanne, 16 Julai

Jaribio la seva mpya. Nilitengeneza watu wa kubuni, wakaingia wote kwa mpigo, wakatafutana kwa majina rasmi na ya ukoo, kama wageni waliolelewa vizuri. Seva haikutoa hata jasho. Mama Wan akapiga makofi. Akasema, kumbe Kobe ana mbio! Tao, jina langu la nyumbani, maana yake ndiyo hiyo, kobe, na nilizoea utani huu nikiwa darasa la kwanza, lakini kutoka kwake nimeupokea kama nishani.

Kisha akasema mtu mmoja aende matawi ya kaskazini kukagua nyaya kabla ya kuhamia seva mpya. Kwanza Chiang Mai, kisha Lampang. Akanitazama mimi. Akauliza kama ningependa.

Lampang! Nilisimama. Nilikwisha kuona mizani ya magunia, paka, kiwiko. Kisha akili ikarudi. Som hupiga saa mbili asubuhi. Mimi nikiwa Lampang, nani atapokea simu hapa?

Nikakataa. Nikasema kituo changu ni hapa. Mama Wan akasema ajabu, watu hugombania safari. Akampa Bia.

Jioni moyo umeniuma. Lakini mtu hawezi kuwa pande mbili za simu moja.

Alhamisi, 18 Julai

Bia amerudi. Ana makombo ya sukari shatini.

Ameniletea kifurushi. Khao taen, zimepangwa wima, kwenye mifuko ya mapovu. Zote nzima. Nikamwambia Bia, unaona? Njia yangu inafanya kazi.

Akasema aliyezifunga alikaa sakafuni jioni nzima. Nikauliza anafananaje. Akasema, nenda ukaone. Nikauliza kiwiko. Akaniuliza kama ninaumwa.

Kisha akaleta maneno ya ajabu. Eti Lampang saraka haigandi. Eti mwaka jana, mafuriko yalipokata laini ya kaskazini, yeye Bia aliwawekea nakala yao ya saraka pale pale tawini, wakati ule mimi nilipokuwa nimenyolewa kichwa na kuvaa manjano hekaluni, mtawa wa siku chache, kwa ajili ya marehemu mama. Tangu hapo Lampang wanaingia na kutafutana kupitia nakala yao. Makao makuu tukiganda, wao hawana habari.

Nikamwambia hilo haliwezekani. Mbona Som hunipigia kila asubuhi kusema imeganda?

Bia akacheka mpaka akashika mlango. "Kaka, hilo ndilo ninalokuuliza wewe!"

Nimelichambua. Jibu ni moja. Nakala ya Bia ni mbovu na hataki ijulikane. Ndiyo maana anacheka. Maskini Som, mwaka mzima anateseka na kazi ya mtu mzembe.

Nimekula khao taen moja. Zilizobaki nimeziweka droo ya juu. Zinaita.

Ijumaa, 19 Julai

Mama Wan amekwenda kwa mtawa kuuliza saa njema ya kuiwasha seva. Amepewa Jumanne, saa mbili na dakika tisa asubuhi. Nikamwambia hiyo ndiyo saa ambayo watu wote wanaingia kwa mpigo, tena baada ya mapumziko marefu ya sikukuu ya Kibudha. Kitabu kinashauri kuhamia siku kazi ikiwa imelala. Akaniuliza mwandishi wa kitabu amekaa utawani miaka mingapi.

Tumeweka sadaka ya soda nyekundu na shada la maua mbele ya seva. Bia akaifungua soda kidogo na kutia mrija, ili mizimu isipate taabu. Nami nikapiga magoti. Wenzangu waliomba kasi. Mimi niliomba kasi, isipokuwa sehemu ile.

Som kapiga jioni, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Hakusema imeganda. Akauliza sikukuu naelekea wapi. Nikasema popote. Akasema kesho usiku atazunguka hekalu na mshumaa, mzunguko mmoja utakuwa wa kuniombea mimi. Nikamshukuru, nikamkumbusha kuzima kompyuta kabla ya mapumziko.

Jumapili, 21 Julai

Leo watawa wameanza mafungo ya mvua, miezi mitatu ya kutulia hekaluni. Nimepeleka mshumaa kwa hekalu la mtaani. Uani kulikuwa na jogoo. Akawika, nami nikatia mkono mfukoni kutoa simu.

Mvua haijakatika. Kaskazini pia, wanasema redioni. Nikajiuliza kama paka yuko ndani.

Nimekwenda ofisini, nikamwambia mlinzi ninakagua ubaridi wa chumba cha seva. Nikakaa mezani. Nikainua simu nikasikiliza mlio wake mtupu. Naijua namba ya Lampang kuliko namba ya kitambulisho changu. Lakini nimpigie niseme nini? Kwamba haijaganda? Mtu hapigi simu kusema jambo haliko.

Nimekula khao taen ya pili.

Jumanne, 23 Julai

Maangamizi.

Saa mbili na dakika tisa Mama Wan akabonyeza. Watu wakaingia. Kufumba na kufumbua! Idara ya fedha ilishangilia, na wale hawajashangilia tangu walipoajiriwa.

Kisha watu wakarudia kazi zao baada ya siku tatu, na kila mmoja akamtafuta mwenzake. Kwa jina la nyumbani. Si Som peke yake. Wote! Meneja akamtafuta Moo. Moo akamtafuta Lek. Lek wako kila tawi, na wote wakamtafuta Nok. Kila jina likaifanya seva isome saraka nzima kutoka mtu wa kwanza mpaka wa mwisho. Kumbukumbu ikafurika, vilivyokuwa rafuni vikasukumwa, seva ikarudi stoo mbiombio. Waliochelewa kufika kazini wakashindwa hata kuingia. Ikaganda vibaya kuliko ile ya zamani.

Simu! Laini zote kwa pamoja. Nikapokea ya kwanza kwa moyo unaodunda: Phuket. Ya pili: Korat, wanatukana. Nikakata, nikapokea, nikakata. Nilisikia jogoo! Nikasema, Som? Sauti nzito ikasema hapa Ubon, Som ni nani, na mbona hatuwezi kuingia?

Kampuni yote ilikuwa kwenye simu yangu isipokuwa mmoja.

Bia akaja, akavuta kiti changu nikiwa nimekikalia. Akatazama rekodi za seva. "Kaka, jina la nyumbani halina faharasa! Ulisahauje? Wewe mwenyewe unaitwa Kobe!" Nikasema kitabu hakikutaja. Akasema kitabu hakina mama aliyekipa jina la nyumbani. Akaweka faharasa. Haikuchukua hata muda wa kumaliza bakuli la tambi.

Simu zikapungua. Zikakatika. Kimya.

Nimewahi kukaa hekaluni, najua kimya. Hiki kilikuwa kingine. Mama Wan alisimama katikati ya chumba amefumba macho, anasikiliza simu isiyolia, anatabasamu. Kisha akafumbua akaniona mimi, tabasamu likaondoka. Kuanzia kesho mipangilio ya saraka itakaguliwa na Bia kabla ya kuwashwa. Mimi nimebaki na dawati la malalamiko. Lisilo na malalamiko.

Alasiri Bia akaniambia Som amempigia kwenye simu ya mkononi. Kumbe ana namba yake! Eti alijaribu kunipata tangu saa mbili, laini ikawa na watu asubuhi yote. Nikauliza alikuwa na tatizo gani. Bia akasema hakuwa na tatizo. Nakala yao haikuguswa na lolote. Alitaka tu kujua kama nimekunywa chai.

Sikuwa nimekunywa. Siku moja ambayo ningesema kweli!

Jumatano, 24 Julai

Seva ina kasi. Simu haijalia. Saa mbili, hakuna. Saa mbili na nusu, hakuna. Mvua tu dirishani. Nimefuta vumbi la simu. Nimeinua kuhakikisha ni nzima. Nimeirudisha upesi, isije ikaonekana ina mtu.

Saa tatu ikalia.

"Kaka Tao, imeganda."

Ee! Jogoo, malori, vyote vilikuwapo. Nikamwambia asubiri nitazame. Nikaifungua nakala ya Lampang kutoka hapa. Ilijibu kabla sijainua kidole. Nikajaribu Lek, Moo, Nok. Nikajaribu Som. Paka akatokea papo hapo, na kiwiko chake.

Nikamwambia kwa upole kwamba vipimo vyangu havionyeshi tatizo. Akasema vipimo vya Bangkok havioni mambo ya Lampang. Nikasema vinaona kila kitu. Akacheka kidogo, kama mtu aliyechoka. Akasema, basi Kaka Tao, panda gari moshi uje uitazame mwenyewe, kwa macho yako. Mama atakaanga nyingine. Na yeye Ijumaa hana zamu.

Nikamwambia asisumbuke kabisa. Siku hizi hakuna haja ya safari, kila kitu kinapangwa kutoka hapa.

Jogoo akawika, mara moja tu. Kisha akasema, haya. Laini ikakatika.

Nimefikiri kwa utaratibu. Nakala ni nzima. Seva ni nzima. Lakini yeye anaona imeganda, tena mwishoni sauti yake ilikuja kwa mbali, imefifia, mpaka ikapotea. Tatizo liko kwenye laini ya simu. Nashangaa sikuligundua mapema.

Nimemjazia Mama Wan ombi la dharura. Ijumaa Bia apande gari moshi la kwanza kwenda Lampang, akae huko mpaka Som aridhike.

Mimi nitakuwa hapa, karibu na simu.